Kingamwili Uliyoinunua Inamjua Nani?

Wasikilizaji mlioko hapa mjini Morogoro, kuanzia Kihonda mpaka Bigwa, na nyinyi mlioko juu milimani, Mgeta, Kinole, Matombo na kwingineko ambako saa hizi ukungu umeshateremka, karibuni. Haya ni mazungumzo yetu ya sayansi, na leo nataka tuzungumzie kingamwili.

Najua wapo watakaosema, hayo si yetu, hayo ni ya watu wa makoti meupe. Subirini kidogo. Nani kati yetu hajawahi kutobolewa kidole zahanati, akakaa kwenye benchi akisubiri mstari utokee kwenye kile kikasha cheupe cha kupimia malaria? Ule mstari mwekundu hauchorwi na mashine. Ni kingamwili zimekamata kitu kwenye damu yako, zikiwa zimebeba chembe ndogo mno za dhahabu ambazo zikijikusanya pamoja zinaonekana nyekundu. Kwa hiyo hata kama hujawahi kukanyaga maabara ya chuo kikuu, maisha yako yamewahi kuamuliwa na kingamwili: upewe dawa ya malaria, au daktari aendelee kutafuta homa imetoka wapi.

Basi swali la leo ni hili. Mtu anayetaka kununua kingamwili kwa ajili ya utafiti, achague vipi? Na akishaambiwa kwamba hii imethibitishwa, aulize nini?

Tuanze na kitu chenyewe. Kingamwili ni protini ambayo mwili huiunda kumkabili mgeni. Ukiugua surua, damu yako inaunda kingamwili za kumkamata kirusi cha surua. Wataalamu wakaona uwezo huo unaweza kuwa chombo cha kazi. Ukimdunga sungura au mbuzi protini unayoitafuta, ataunda kingamwili dhidi yake, nawe unazivuna kwenye damu. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walionyesha namna ya kupata ukoo wa seli unaotoa kingamwili za aina moja tu bila kukoma. Mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Niels Jerne. Tangu hapo kingamwili zimekuwa biashara kubwa. Unafungua katalogi, unachagua, na kinakuja kichupa kidogo kuliko kidole gumba, kilichomo ndani hakijazi hata kijiko cha chai. Bei yake ni mamia ya dola. Kwa mwanafunzi wetu wa uzamili, hapo fungu la utafiti limeshamegwa pakubwa.

Turudi kwenye kikasha cha malaria, maana kuna funzo zuri mle. Vipimo hivi vya haraka kwa kawaida hutafuta mojawapo ya vitu viwili, au vyote viwili. Cha kwanza ni protini ya kimelea cha malaria iitwayo HRP2. Cha pili ni kimeng'enya cha kimelea hicho hicho, jina lake laktati dihaidrojenasi. Jina refu, tulikate: tuite LDH. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Wewe nawe unayo LDH. Kila tone la damu yako lina LDH, kwa sababu seli nyekundu zenyewe zinaihitaji ili kujipatia nguvu. Kwa hiyo kingamwili ya kwenye kikasha ina kazi mbili. Ikamate LDH ya malaria. Na LDH ya mwenye damu iipite bila kuigusa. Ingeshindwa kazi ya pili, kila anayepimwa angeambiwa ana malaria, hata mtoto mchanga wa Nyandira kule milimani kwenye baridi, ambaye mbu hajamfikia.

Kwa nini haishindwi? Kwanza, LDH ya kimelea imetofautiana sana na ya binadamu. Pili, watu waliijaribu. Kuanzia mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walivipima vipimo hivyo raundi baada ya raundi, kwa damu yenye kimelea, na kwa damu isiyo na kimelea kabisa. Shikeni hilo la pili: damu isiyo nacho. Nitalirudia leo mpaka mnichoke.

Na kabla sijasahau, ule mstari mwingine, mstari wa kuhakiki unaotakiwa kutokea kila mara, watu wanaupa heshima isiyo yake. Unakuambia kwamba maji yametembea na kingamwili zenye rangi bado zinafanya kazi. Basi. Haukuambii kwamba kilichokamatwa ndicho kilichotafutwa.

Sasa tutoke kwenye LDH ya malaria, tuje kwenye LDH yetu wenyewe. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu.

LDH ya binadamu imeundwa kwa vipande vinne vilivyoshikamana. Vipande hivyo ni vya aina mbili hasa. Tuviite A na B. Kipande A kimejaa kwenye misuli ya kawaida na kwenye ini. Kipande B kimejaa kwenye moyo. Vinne vinaweza kushikamana kwa mchanganyiko wowote, A tupu, B tupu, au vikichanganyika, na ndiyo maana mwilini kuna aina tano za LDH. Kipo na kipande cha tatu, cha kwenye korodani. Hicho tukiache leo.

Tuseme kuna binti anasoma uzamili, anataka kupima kipande A kwenye saratani. Kwa nini A? Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika, saratani ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Miaka ya baadaye ikagundulika kwamba katika seli za saratani ile jeni iitwayo MYC imewashwa kupita kiasi. Na mwaka 1997 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba MYC ndiyo inayoamsha LDH, kipande A. Kwa hiyo binti anayeuliza habari za kipande hiki Afrika Mashariki anauliza jambo lenye mizizi huku huku kwetu.

Anafungua katalogi. Anakuta kingamwili za kipande A si mbili wala tatu, ni nyingi mno. Kila moja ina picha nzuri na kila moja imeandikwa kwamba imethibitishwa. Achague ipi? Wengi wetu tungechagua ya bei nafuu, au ile aliyoitumia kaka mmoja wa maabara ya jirani. Lakini hilo neno, imethibitishwa, linamaanisha nini? Imethibitishwa na nani? Kwenye nini? Kwa kazi gani?

Ngoja niwape mfano wa sokoni. Pale Soko la Chifu Kingalu, tuseme, kuna ndugu wawili wa tumbo moja wanauza kabichi na karoti za Mgeta. Kaka na mdogo wake. Sura moja, kimo kimoja, hata kucheka wanacheka sawa. Unamtuma mtoto akamwite kaka. Mtoto anarudi na mtu. Utajuaje kwamba huyu ni kaka na si mdogo? Ukimuuliza mtoto, una hakika? Atakuambia ndiyo. Ukimtuma mara kumi atarudi na mtu mara kumi, na bado hujajua. Njia ya uhakika ni kusubiri siku ambayo kaka amepanda Mgeta kufuata mzigo, sokoni hayupo kabisa, ndipo umtume mtoto yule yule. Akirudi peke yake, anamjua. Akirudi na mtu, basi kumbe siku zote alikuwa anakuletea yeyote mwenye sura ile.

Kipande A na kipande B ndio hao ndugu wawili. Ukivipanga sambamba, katika kila vijenzi vinne vya protini, vitatu hivi ni vile vile. Na uzito wao unakaribiana mno. Uzito ndio tatizo kubwa, kwa sababu kipimo kinachotegemewa sana maabara ni kuzitenga protini kwenye jeli kwa umeme, ndogo zikimbie mbele na kubwa zibaki nyuma, kisha kuzihamishia kwenye utando na kumwagia kingamwili ili uone mstari unatokea wapi. Mtafiti anaangalia: mstari umetokea kwenye uzito unaotarajiwa? Umetokea. Anafurahi, anapiga picha, anaendelea. Kwa LDH, furaha hiyo haina msingi. Ndugu hawa wanasimama mahali pamoja kwenye jeli. Mstari mmoja safi, mahali panapostahili, unaweza kuwa wa A, wa B, au wa wote wawili.

Kwa hiyo narudi kwenye neno langu. Palipo patupu, kingamwili inakaa kimya?

Maabara kubwa zina namna ya kupatengeneza hapo patupu. Wanachukua seli za binadamu, wanaizima jeni ya kipande A, zinabaki seli zinazoishi bila kipande hicho kabisa. Wanaziweka kwenye jeli ile ile pamoja na seli za kawaida. Kingamwili ikionyesha mstari kwenye seli za kawaida, na kwenye zile zilizozimwa jeni isionyeshe kitu, hiyo inamjua kaka. Ikionyesha mistari miwili sawa sawa, iacheni.

Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa kimataifa lilikaa likapendekeza njia tano za kuthibitisha kingamwili. Kuzima jeni ni mojawapo. Nyingine ni kulinganisha majibu na kipimo kisichotumia kingamwili kabisa. Nyingine, kutumia kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti za protini moja na kuona kama zinakubaliana. Nyingine, kuivalisha protini alama inayotambulika kwa njia tofauti. Na ya tano, kuivua protini kwa kingamwili yenyewe kisha kuitazama kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli ili kujua umevua nini. Hawakusema lazima zote tano. Walichosisitiza ni kwamba uthibitisho unakwenda na kazi: kingamwili iliyofaulu kwenye utando si lazima ifaulu kwenye kipande cha nyama chini ya darubini.

Je, hali ikoje huko madukani? Mwaka 2023 kundi moja lenye makao Montreal, Kanada, lilitoa matokeo ya kupima kingamwili 614 zilizotengenezwa kwa ajili ya protini 65 za binadamu, wakitumia seli zilizozimwa jeni. Waliona nyingi hazifanyi kazi kama zilivyotangazwa. Na jambo lililonishtua zaidi: kingamwili zilizofeli zilikuwa zimeshatumika kwenye makala za kisayansi nyingi tu, kwa wastani makala kumi na mbili hivi kwa kila protini. Lakini tuwe wa haki. Kampuni nyingi zilishirikiana nao, na baada ya matokeo ziliondoa sokoni baadhi ya bidhaa na kubadilisha maelekezo ya nyingine. Na taarifa zao wameziweka wazi, bure. Mwanafunzi wa Morogoro anazipata sawa na mwanafunzi wa Boston, ilimradi ana kifurushi cha intaneti. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza kama protini yako imeshapimwa na watu wasiouza.

Kuna kisa cha Toronto nakipenda kukisimulia, ingawa ni cha kusikitisha. Watafiti wa huko, Ioannis Prassas na Eleftherios Diamandis, walikuwa wakitafuta protini moja, CUZD1, ambayo walidhani ingesaidia kutambua saratani ya kongosho. Wakanunua kipimo kilichotengenezwa tayari, chenye kingamwili ndani. Majibu yakawa mazuri ajabu. Wakaendelea miaka miwili, fedha zikateketea, kama dola nusu milioni. Mwisho wakagundua kwamba kile kipimo hakikuwa kinapima CUZD1 hata kidogo. Kilikuwa kinapima protini nyingine, CA125, inayojulikana siku nyingi. Mwaka 2014 wakaandika kisa chao bila kuficha, na mimi nawavulia kofia kwa hilo. Kipimo chao kila mara kilileta jibu, na jibu lenye maana. Ugonjwa wa kingamwili mbovu ndio huo: haikai kimya ukajua imeharibika. Inakuletea mtu, tena kwa kujiamini.

Msidhani mambo haya ni ya Toronto tu. Hapa hapa mkoani kwetu, bonde la Kilombero, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara kwa miaka mingi wamekuwa wakiwakamata mbu na kupima ni wangapi wamebeba vimelea vya malaria tayari kwa kuambukiza. Kipimo chao ni cha kingamwili, inayoshika protini ya ganda la kimelea anapokuwa kwenye tezi za mate za mbu. Tatizo likaonekana: baadhi ya mbu, hasa wapendao kunyonya ng'ombe, walikuwa wakitoa jibu la ndiyo wakati hawana kimelea. Kuna kitu ndani yao kinaidanganya kingamwili. Mwaka 2011 makala ikachapishwa ikionyesha dawa yake, na dawa yenyewe haina gharama: chemsha sampuli nyuzi 100 kwa dakika kumi, kisha pima tena. Protini halisi ya kimelea inavumilia moto. Kile kinachoidanganya kingamwili hakivumilii, kinaharibika, jibu linakuwa hapana. Watafiti wa Ifakara nao wameandika kwamba huchemsha hivyo kabla ya kumhesabu mbu kuwa ana maambukizo. Ukiruka hatua hiyo unaweza kumhukumu mbu wa ng'ombe kwa kosa la mbu wa watu, halafu mipango ya kijiji kizima ikaelekezwa kwa mbu asiyehusika.

Na kule Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa wale panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu, mambo ni hayo hayo. Panya anapita kwenye safu ya sampuli, na katikati zimechanganywa zile ambazo majibu yake yanajulikana. Akisimama kwenye sampuli ya mgonjwa ambayo hospitali iliikosa, hapewi mgonjwa dawa kwa neno la panya. Maabara inathibitisha kwanza. Mji wetu huu, basi, umezoea kumhoji shahidi.

Haya, turudi kwa binti yetu. Tumeshakubaliana kwamba seli zilizozimwa jeni ndiyo njia ya uhakika. Yeye hana. Maabara yake ina jeli, ina friza inayotegemea umeme unaokatikakatika na jenereta, na msimamizi anauliza andiko litakamilika lini. Afanye nini?

La kwanza, amwandikie muuzaji barua pepe. Asione haya. Amuulize: mna picha ya kingamwili hii kwenye seli zisizo na kipande A? Mlimdunga mnyama protini nzima, au kijipande tu? Kama ni kijipande, ni sehemu gani, na sehemu hiyo inafanana kiasi gani na ya kipande B? Muuzaji anayejua kazi yake atajibu. Anayekutumia tena ukurasa ule ule wa tangazo, amekujibu pia.

La pili, aende buchani. Ndiyo, buchani! Nimesema kipande A kiko kwa wingi kwenye misuli ya kawaida, na B kwenye moyo. Hata kwa ng'ombe ni hivyo. Anunue robo ya nyama ya paja na kipande cha moyo, avioshe vizuri damu itoke, maana damu nayo ina LDH yake, avisage akiwa ameviweka kwenye barafu, avipange kwenye jeli sambamba na kwa kiasi sawa cha protini. Kingamwili ya kipande A itoe mstari mzito kwenye paja, na kwenye moyo mstari hafifu. Si kwamba moyo hauna A kabisa; unayo kidogo. Mistari ikilingana, kuna walakini. Lakini angalizo: ng'ombe si binadamu. Jaribio hili linaweza kukukatisha tamaa na kingamwili mbovu mapema, kwa bei ya mchuzi, lakini haliwezi peke yake kukuhakikishia kwamba ile nzuri itafanya kazi kwenye nyama ya binadamu.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na nashangaa vijana wengi hawalijui. LDH ina uwezo wa kujionyesha yenyewe bila kingamwili yoyote. Unaitembeza kwenye jeli isiyoharibu umbo la protini, kisha unaipa laktati, chakula chake, pamoja na viambata na rangi inayogeuka zambarau pale kimeng'enya kinapofanya kazi. Zinatokea zile aina tano, zimejipanga: ya B tupu imetangulia kuelekea upande wa chanya, ya A tupu imebaki nyuma, mchanganyiko uko katikati. Clement Markert na mwenzake walizionyesha aina hizi hivyo mwaka 1959, kabla hata ya kazi ya Köhler na Milstein. Ndiyo ile njia ya kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili. Kama jeli ya zambarau inasema sampuli hii ina B nyingi na A kidogo, halafu kingamwili yako ya A inawaka moto kwenye sampuli hiyo hiyo, mmoja wao anadanganya, na si jeli.

Sasa kuna mtego mwingine, na huu unawanasa hasa wenzetu wa tiba ya mifugo. Kingamwili imetoka kwa mnyama gani? Na unaipima kwenye nyama ya mnyama gani? Kawaida kingamwili ya kwanza haina rangi. Unaifuatisha ya pili, yenye rangi, inayoshika kingamwili za mnyama aliyetoa ile ya kwanza. Haya, chukulia unafanya utafiti wa wale mbuzi wa maziwa wa Mgeta, wenye damu ya Norway. Ukinunua kingamwili iliyotoka kwa mbuzi, ukaipaka kwenye nyama ya mbuzi, ile ya pili itashika kila kingamwili ya mbuzi iliyomo mle, ya kwako na ya kwake mwenyewe. Kioo kizima kinawaka. Tafuta ya sungura. Na kwa panya buku, tahadhari zaidi: katalogi ikiandika panya, ina maana ya panya wadogo wa maabara za Ulaya na Marekani. Panya buku wetu si mmoja wao. Hapo uthibitisho unaanza upya, na wa kuufanya ni wewe.

Tena usisahau kazi. Binti yetu ana vipande vya uvimbe vilivyolowekwa kwenye fomalini na kufunikwa nta ya parafini, kama zinavyotunzwa nyama nyingi za hospitali. Fomalini inaifunga protini na kuibadilisha sura. Kingamwili iliyomtambua kaka akiwa amenyooka kwenye jeli inaweza isimtambue akiwa amekunjwa na fomalini, au ikamkamata mwingine aliyekunjwa akafanana naye. Kwa hiyo kwenye darubini nako lazima awe na pa kulinganisha, kipande cha msuli na kipande cha moyo, vilivyopita kwenye fomalini ile ile kwa muda ule ule, juu ya kioo kile kile.

Kuhusu aina ya kununua, nitasema maoni yangu wazi. Kingamwili zilizochotwa moja kwa moja kwenye damu ya mnyama ni mchanganyiko, na mnyama yule akifa, mchanganyiko ule umekwenda naye. Toleo linalofuata limetoka kwa sungura mwingine. Zile za ukoo mmoja wa seli ni afadhali. Zile zinazotengenezwa kwa kujua jeni yenyewe ya kingamwili, ziitwazo rekombinanti, ndizo zilizofanya vizuri zaidi kwenye kazi ya Montreal, na ndizo zinazoweza kurudiwa miaka kumi ijayo bila kumtafuta sungura. Ni ghali? Mara nyingi, ndiyo. Lakini kichupa cha bei poa kikikuletea mdogo badala ya kaka, kimekula na muda wako, na muda wa uzamili hauuzwi dukani.

Kikishafika, kigawe. Usikiweke kizima kwenye friza ukakitoa na kukirudisha kila wiki, maana kuganda na kuyeyuka mara kwa mara kunaiua kingamwili polepole. Kigawe kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja moja, kama maelekezo yanaruhusu kugandisha. Umeme ukikatika Jumamosi usiku, usijue mpaka Jumatatu, ile Jumatatu rudia jaribio la paja na moyo kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa hata moja.

Nimepokea swali la msikilizaji mmoja, na ni la haki kabisa: nikishafanya yote hayo, niandike nini kwenye ripoti? Jibu langu ni kwamba usiandike tu kuwa ulitumia kingamwili ya LDH. Andika jina la aliyeitengeneza, namba ya katalogi, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, mnyama ilikotoka, uliizimua mara ngapi, na uliipima kwenye nini ambacho hakina kipande A, au kina kidogo, ukaona nini. Weka na picha ya utando mzima, usikate ukabakiza mstari mzuri peke yake. Ile mistari mingine ya pembeni, inayokukera, msomaji wako wa Mbeya au Kisumu anaihitaji kuliko huo mzuri.

Muda wangu umekwisha, mafundi wananionyesha saa. Wiki ijayo tutazungumza na wafugaji wa Mvomero kuhusu kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, kwa hiyo wenye maswali andaeni mapema.